Injini Inapogonga: Moto au Chuma?

Songea ni mji unaoishi kwa malori. Makaa ya mawe ya Ngaka, wilayani Mbinga, hutoka machimboni hadi Kitai, hufika Songea, kisha hushika njia ya Namtumbo na Tunduru kwenda Mtwara, safari ya zaidi ya kilomita 600 hadi bandarini na kwenye kiwanda cha saruji cha Dangote. Mahindi ya Ruvuma huelekea upande wa pili, Njombe na Makambako, karibu kilomita 300 za lami inayopanda na kushuka, na Lukumburu ndiko injini zinakopimwa kweli. Songea yenyewe iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Njombe inakaribia 2,000. Huku injini mgonjwa haijifichi muda mrefu. Mlima mmoja na tani 30 mgongoni vinatosha kuitoa siri, na dereva akifika mjini, Mfaranyaki au mtaa mwingine wenye mafundi, neno analoshuka nalo kwenye kebini ni moja: inagonga.

Yanayofuata baada ya neno hilo ndiyo yanayonisukuma kuandika. Mwenye gari yuko Dar es Salaam au Makambako na simu yake haitulii. Mzigo una mwenyewe, na mwenyewe anausubiri. Dereva anahofia lawama. Fundi naye, kwa kuwa wote wanamtazama, anashika spana: anaseti tapeti, anamwaga oili na kuweka nzito zaidi, anatoa nozeli zote zikapimwe, anakaza maunti za injini, yote mchana mmoja. Jioni mlio umepungua. Kila mtu anafurahi na hakuna anayejua kilichoupunguza. Kama tatizo lilikuwa nozeli, mwenye gari amelipia kazi tatu zisizohitajika. Kama lilikuwa beringi ya konrodi, oili nzito imeufunika ugonjwa kwa siku chache tu, na konrodi itatokea ubavuni mwa bloku katikati ya pori la Tunduru, ambako hata kulivuta lori ni gharama ya kuumiza.

Nashikilia jambo moja katika suala hili lote. Mlio peke yake hautoshi kukuambia kilichoharibika, hata kwa fundi mwenye sikio la miaka thelathini. Kinachokuambia ni namna mlio unavyobadilika pale unapogusa jambo moja, na moja tu, huku mengine ukiyaacha yalivyo. Utambuzi wa injini inayogonga ni mfululizo wa majaribio ya namna hiyo, yale yasiyo na gharama yakitangulia, na kufungua injini kukiwa la mwisho.

Tuanze na jambo ambalo wengi hulisahau: injini ya dizeli hugonga hata ikiwa nzima. Rudolf Diesel alipofanikisha injini yake huko Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, msingi wake ulikuwa kuubana upepo ndani ya silinda mpaka upate joto la kuwasha mafuta bila plagi. Injini za malori ya leo huubana upepo hadi ujazo wake ubaki sehemu moja kati ya 16 hadi 18 hivi, na joto hupita nyuzi 500 za Selsiasi. Mafuta yakinyunyizwa humo hayawaki papo hapo. Yanachelewa kwa muda wa takribani sekunde moja ukiigawa mara elfu, na katika muda huo nozeli inaendelea kunyunyiza. Moto ukishika, yale yaliyokwisha kukusanyika yanawaka kwa mkupuo, kanieneo linaruka, na chuma chote cha silinda kinaitika. Mhandisi Mwingereza Harry Ricardo aliugawa uunguaji wa dizeli katika hatua, na hatua ya kwanza ni huko kuchelewa. Chochote kinachorefusha kuchelewa huko huzidisha ugongaji: injini ya baridi, mafuta duni, nozeli inayodondosha badala ya kunyunyiza, au pampu iliyofungwa taimingi ikiwa mbele mno.

Kwa hiyo swali la kwanza kabisa gereji ni hili: huu ni ugongaji wa moto au ugongaji wa chuma? Wa moto unatokana na namna mafuta yanavyowaka. Wa chuma unatokana na vipande viwili vilivyoachana kuliko inavyotakiwa, vikawa vinapigana. Wa moto mara nyingi unatibika kwa siku moja bila kufungua sampu. Wa chuma unaweza kuua injini kabla ya jua kuzama. Kuuchukulia mmoja kuwa mwingine ndilo kosa la bei ghali kuliko yote katika kazi hii.

Mafuta kwanza, maana ndiyo rahisi kuchunguza. Tanzania inaujua vizuri uchakachuaji. Dizeli ilichanganywa na mafuta ya taa kwa sababu mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo. Mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, EWURA, ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuua faida ya mchezo huo. Hali si ile tena, lakini dizeli ya madumu kando ya barabara bado ipo, na asiye na kipimo hajui alichonunua. Mafuta ya taa ni mepesi, hayalainishi plunja za pampu na sindano za nozeli kama dizeli inavyofanya, na athari yake haikomi tangi likiisha: nozeli iliyosagika itaendelea kudondosha hata ukiweka dizeli safi. Kwa hiyo fundi anauliza yalinunuliwa wapi mara ya mwisho, mlio ulianza kabla au baada, na kama gari liliishiwa mafuta njiani likavuta upepo kwenye mabomba. Anauliza pia pampu imeguswa lini. Lori lililoanza kugonga siku ile ile pampu iliporudishwa kutoka kwa fundi wa pampu limekwisha kukuambia pa kuanzia.

Jaribio la kutenganisha moto na chuma ni kongwe na halina gharama kwa injini zenye pampu ya mabomba, kama 6D14 na 6D16 za Fuso au WD615 za Howo za zamani. Injini iungurume kwenye mzunguko ule ambao mlio unasikika waziwazi. Nati ya bomba la nozeli ya silinda ya kwanza inalegezwa kiasi, mafuta yanatoka pale kwenye nati badala ya kuingia ndani, na silinda hiyo inakosa moto. Sikiliza. Kaza, injini itulie, nenda ya pili, mpaka ya sita. Usirukie silinda unayoishuku, kwa sababu sikio likishaamua linasikia linachotaka.

Majibu yanayopatikana hapo si ndiyo na hapana tu. Mlio ukitoweka kabisa silinda fulani ilipokosa mafuta, elekea kwenye moto. Toa nozeli hiyo, ibadilishane nafasi na ya jirani, uwashe tena: mlio ukihama nayo, nozeli ndiyo yenye hatia na hujafungua chochote. Mlio ukipungua, ukawa mwepesi lakini bado upo, elekea kwenye chuma cha silinda hiyo, beringi ya konrodi au pistoni, kwa kuwa umeondoa mzigo uliokuwa ukikisukuma lakini nafasi iliyopanuka bado ipo. Pini ya pistoni iliyolegea wakati mwingine hufanya kinyume: silinda ikikosa moto, pigo moja hugeuka mapigo mawili madogo. Na mlio usipobadilika kwenye silinda yoyote, basi ama unatoka kwenye beringi kubwa za krenki, ambazo huitika vizuri zaidi ukizikata silinda mbili zinazopakana kwa pamoja, ama hautoki kabisa kwenye kazi ya pistoni.

Hapa lazima niseme wazi juu ya usalama, kwa sababu vijana wanajifunza kwa kutazama. Hata nozeli za injini za zamani hufunguka kwenye kanieneo la karibu bar 200. Mafuta yanayochomoka kwa nguvu hiyo hupenya ngozi. Tundu linaonekana dogo lisilouma sana, na ndani nyama inakufa. Aliyechomwa hivyo aende hospitali saa ile ile. Glavu, miwani, na mkono usikaribie mafuta yanayoruka. Kwa injini za komoni reli, ambako kanieneo hufika bar 1,600 hadi 2,000 na zaidi, nati haiguswi kamwe injini ikiwa hai. Kwa Scania zenye nozeli zinazosukumwa na kamshafti moja kwa moja hakuna hata bomba la kulegeza. Huko silinda hukatwa kwa skana. Gereji nyingi ndogo hazina skana, na fundi huona aibu kumwita mwenye nayo. Sioni aibu iko wapi. Saa moja ya mtu mwenye skana ni rahisi kuliko gasketi moja ya silinda hedi, na mwenye gari akielezwa hivyo kabla, hulipa.

Sasa chuma. Ili kuelewa kwa nini beringi ya konrodi haina msamaha, chukua injini ya lita 12 ya Scania yenye silinda za kipenyo cha milimita 127. Kanieneo la moto likifika bar 130, pistoni inasukumwa chini kwa nguvu inayolingana na uzito wa zaidi ya tani 16. Kwenye mizunguko 1,500 kwa dakika, pigo hilo linarudiwa mara 750 kila dakika katika kila silinda. Kati ya beringi na shingo ya krenki kuna nafasi ambayo kwa kawaida haifiki unene wa karatasi ya daftari, na iliyomo humo ni oili peke yake. Chuma hakigusi chuma. Oili ndiyo inayobeba. Nafasi hiyo ikipanuka, oili inakimbia pembeni kabla haijabeba, utando unakatika, konrodi inaanza kutua kwa kishindo, na kila kishindo kinapanua nafasi zaidi. Ndiyo maana ugongaji wa konrodi haukai ulivyo. Asubuhi ni wa kushuku, mchana ni wa hakika, jioni ni bloku iliyotoboka.

Tabia zake zinajulikana. Unaongezeka injini ikipata moto, kwa sababu oili inakuwa nyepesi. Unasikika zaidi ukikanyaga mafuta kidogo hadi mizunguko 1,500 hivi kisha ukaachia ghafla, pale pistoni inapogeuza upande wa kusukuma. Geji ya oili nayo inashuka, hasa injini ikiwa na joto na bila kukanyagwa. Pistoni iliyolegea ndani ya slivu inafanya tofauti: inapiga kelele asubuhi, na ikishapata joto inavimba, inajaza nafasi, inanyamaza au inakaribia kunyamaza. Lori la namna hiyo linaweza kumaliza msimu wa mahindi likiangaliwa oili yake. Beringi kubwa za krenki zina mlio mzito wa chini ambao dereva huusikia kwa nyayo kabla ya masikio, na hutokea akivuta mzigo. Tapeti na roka zina mlio mwepesi wa haraka juu ya injini, nao una saa yake: kamshafti huzunguka mara moja krenki ikizunguka mbili, kwa hiyo injini ikiwa kwenye mizunguko 600, vali moja hupiga mara 300 kwa dakika, mara tano kwa sekunde. Sikio lililozoea linaitambua nusu hiyo bila kuhesabu.

Lakini tabia hizi ni dalili za kuanzia, wala hazitoshi kutolea hukumu. Nimesema hivyo tangu mwanzo na narudia kwa sababu ipo milio mingi inayosikika kama injini na si injini. Kompresa ya upepo ina pistoni na konrodi yake ndogo, nayo huchakaa. Jaza matangi ya breki mpaka kompresa iachie, usikilize kama mlio umebadilika; ukanyage breki mara kadhaa upepo ushuke, kompresa ianze kusukuma tena, usikilize. Ni dakika chache, na zimewahi kuokoa injini nzima zisifunguliwe. Kanyaga klachi: mlio ukibadilika, shuku sahani ya klachi, shafti ya gia boksi, au krenki inayocheza mbele na nyuma. Boliti za flaiwili zilizolegea hugonga kama beringi kubwa kiasi cha kumdanganya fundi mzuri. Puli ya mbele iliyoachana na raba yake, maunti iliyokatika, manifoldi inayovuja moshi kwa mapigo: kila kimoja kina jaribio lake la kukigusa peke yake. Kutoa feni belti na kuwasha injini kwa dakika moja kunaondoa watuhumiwa watatu au wanne kwa mkupuo, mradi isizidi hapo, kwa sababu pampu ya maji kwenye injini nyingi inategemea belti hiyo.

Chombo cha kusikilizia ni bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma na mpini kwenye mfupa wa sikio. Kanuni yake ndiyo ile ile iliyompa daktari Mfaransa René Laënnec wazo la kusikiliza kifua kwa bomba mwaka 1816: sauti husafiri vizuri ndani ya kitu kigumu, na ukikigusa unasikia mahali padogo badala ya kelele yote. Ubaya wake ni huo huo. Chuma husafirisha mlio mbali na kwao, na pale unaposikika kwa nguvu zaidi panaweza kuwa pembeni ya pale ulipozaliwa. Kwa hiyo bisibisi husaidia kulinganisha: ubavu wa bloku chini karibu na sampu, kisha juu karibu na hedi, kisha kifuniko cha gia za taimingi, huku mzunguko ukiwa ule ule. Kwa mlio wa chini, nauamini ulinganisho huo kuliko video ya simu. Siku hizi mwenye gari huomba atumiwe sauti ili amsikilizishe fundi wake wa mjini. Simu imetengenezwa kwa ajili ya maneno ya watu. Mazungumzo ya kawaida ya simu hukata sauti za chini ya mitetemo 300 kwa sekunde, na simu nyingi huondoa kelele zinazojirudia kwa kuzidhania ni za nyuma. Mlio mzito wa krenki, wenye hatari kuliko yote, ndio unaopotea kwanza. Fundi wa mbali akisema “mbona sisikii kitu”, anasema kweli, na kweli hiyo haina maana.

Chombo kilicho bora kuliko bisibisi na skana ni dereva, na ndicho kinachotumiwa vibaya zaidi. Yeye peke yake alikuwepo mlio ulipozaliwa. Anajua kama ulianza akipanda au akishuka, gia gani, asubuhi au baada ya saa sita barabarani, kama geji ya maji ilipanda kabla, kama taa ya oili ilimulika. Habari hizo fundi hawezi kuzirudisha kwa jaribio lolote. Lakini dereva huulizwa mbele ya watu, mara nyingi simu ya bosi ikiwa hewani, kwa sauti ya mashtaka: umeliua gari. Atajibu nini? Atasema limeanza hapa hapa mjini, na oili aliikagua asubuhi. Fundi mwenye busara humchukua pembeni, mkononi hana spana, na kumwuliza kama mtu anayetaka msaada: “Suka, nisaidie, ilianzia wapi? Ulipoachia mafuta ilinyamaza au ilizidi? Uliongeza maji mahali?” Utingo naye aulizwe, peke yake, maana ndiye aliyebeba dumu. Wamiliki wanaomkata dereva mshahara kwa kila uharibifu, bila kuchunguza, wananunua uongo kwa fedha zao wenyewe. Dereva wao akisikia mlio wa kwanza pale Lukumburu hatasimama. Atajikaza afike, ili ugonjwa utokee mikononi mwa mtu mwingine.

Baada ya dereva, oili. Chomoa stiki, sugua tone kati ya vidole, nusa. Ikiwa nyepesi na inanuka dizeli, nozeli inavuja au pampu inapitisha, na hapo ugongaji wa moto umeanza kuzaa ugongaji wa chuma, kwa sababu oili iliyochanganyika na dizeli haibebi. Ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia kutoka kwenye gasketi, raba za slivu au kipoza oili. Kisha toa filta, ikate kwa msumeno wa chuma, na karatasi yake uitandaze juani. Huu ndio ushahidi ninaouheshimu kuliko wote kabla ya kufungua. Chembe zinazong’aa uziguse kwa sumaku. Zikishika, ni chuma: ringi, slivu, gia, kamshafti. Zisiposhika na zikiwa na wekundu wa shaba, ni beringi iliyokwisha kula tabaka la juu na kufika ndani. Zisiposhika na zikiwa nyeupe nyepesi, pistoni ya alumini inasagika. Kampuni za reli za Marekani zilianza kupima madini kwenye oili za vichwa vyao vya dizeli kwa maabara miaka ya 1940, ili zijue kilichochakaa bila kufungua. Filta iliyokatwa na sumaku ya spika iliyokufa ni maabara ya namna hiyo kwa yeyote aliye Mfaranyaki, na wengi bado wanaitupa filta nzima kwenye pipa.

Shaba ikionekana kwenye filta, mjadala wa kuendelea na safari umekwisha. Lori halisogei hata kufika gereji ya pili kwa nguvu zake, linavutwa. Krenki iliyokwaruzwa kidogo inaweza kuchongwa na kuwekewa beringi za saizi ya 10, yaani sehemu kumi kati ya elfu za inchi moja, ambazo ni karibu robo ya milimita. Kilomita chache zaidi na itahitaji saizi ya 20 au 30, na zikizidi hapo krenki ni chuma chakavu, pengine na bloku nayo. Bosi anayesema “ishushe tu taratibu mpaka Namtumbo” anahesabu mafuta ya gari la kuvuta na hahesabu tofauti hiyo. Filta ikiwa safi, oili nzuri, geji imesimama, na jaribio la nozeli limeelekeza kwenye moto, lori linaweza kutembea likiwa na dereva aliyeelezwa la kufanya geji ikishuka.

Injini ikishafunguliwa, kosa la pili kwa ukubwa ni kutupa beringi za zamani kabla ya kuzisoma. Zipangwe juu ya kitambaa kwa mpangilio wa silinda, ya juu na ya chini, zifutwe, zitazamwe. Zikiwa zimeliwa zote sawasawa, oili ndiyo iliyoshindwa: ilikwisha nguvu, ilichanganyika na dizeli, au pampu yake imechoka. Ikiwa moja tu imeungua na nyingine ni nzima, tafuta njia ya oili iliyoziba kwenye krenki, au konrodi iliyopinda. Ikiwa imeliwa ukingo mmoja, konrodi imepinda kweli, labda silinda iliwahi kuingiwa na maji. Mikwaruzo mirefu inayozunguka ni uchafu, na huku kwetu uchafu una jina: vumbi la barabara za machimboni na unga wa makaa uliopita kwenye filta ya upepo iliyopasuka au bomba la tabo lililolegea klipu. Ukifunga beringi mpya bila kupata jibu la swali hilo, umefunga ugonjwa ule ule.

Sababu moja haionekani kwenye vumbi wala kwenye oili: namna ya kuendesha. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito, iliyoanza kutumika Tanzania mwaka 2019, inaruhusu hadi tani 56 kwa gari na tela lenye ekseli za kutosha. Mzigo huo mlimani, dereva akibaki gia ya juu ili aokoe mafuta, mizunguko ikashuka chini ya 1,000 huku amekanyaga mpaka mwisho, hufanya mambo mawili kwa pamoja: moto unasukuma kwa nguvu zote, na pampu ya oili inazunguka polepole. Hapo ndipo utando wa oili unapokatika hata kwenye injini nzima. Kushusha gia mapema kunakula dizeli kidogo zaidi na kunalinda krenki. Mwenye gari anayempima dereva kwa lita peke yake anamfundisha kinyume.

Kufunga kuna nidhamu yake, na sitairefusha. Vifuniko vya konrodi vimechongwa pamoja na konrodi zake. Vikichanganywa, tundu halitakuwa duara tena. Shingo za krenki zipimwe kwa maikromita, kidole hakitoshi. Boliti ambazo mtengenezaji amesema zitumike mara moja zitumike mara moja. Filta na oili vinunuliwe kwa muuzaji anayetoa risiti, kwa sababu Tume ya Ushindani imekuwa ikikamata bidhaa bandia na soko la spea halijabaki nje. Injini iliyofungwa upya isiwashwe kwa pupa: mafuta yakatwe, stata izungushe kwa vipindi vifupi mpaka geji ya oili ipande, ndipo iwashwe, iungurume bila kupigwa resi, isikilizwe kwa bisibisi mahali pale pale palipogonga. Iendeshwe kwa mzigo mdogo kwanza, oili ya awali imwagwe mapema, na filta hiyo ya kwanza ikatwe na kutandazwa juani, chembe zake ziguswe na sumaku, dereva akiwa hapo hapo anatazama.